Mwaka Tulioshitakiana Ibra

Wiki iliyopita tulimzika Mjomba Saleh. Siku ya pili ya msiba, nikiwa nimekaa na wanawake katika chumba cha ndani, nilisikia kupitia dirishani sauti ya Ami Hilali, rafiki wa mjomba wa siku zote, ikitoka sabla, chumba cha wanaume. Ami Hilali sasa ni mzee sana, haendi ila ashikwe mkono na wajukuu, lakini sauti yake ni ile ile ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuwa akilia kweli kweli. "Huyu alikuwa zaidi ya ndugu yangu," alisema. "Tangu tuko Unguja mpaka leo, wallahi, mimi na Saleh hatujapata kugombana hata siku moja." Wanaume wakaitikia kwa dua. Bi Zuhura, mjane wa mjomba, alikuwa amekaa juu ya godoro ubavuni kwangu, tasbihi mkononi. Vidole vyake vikasita. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Umemsikia?" Nikamwambia nimemsikia. Akaendelea na tasbihi yake, na mimi nikabaki nimekodoa macho kwenye zulia, maana sikujua kwamba jambo kama lile linaweza kufutwa namna ile, na mtu huku analia machozi ya kweli.

Mwaka wa jambo hilo nilikuwa msichana mwalimu, nimetoka Maskati, skuli yangu ya kwanza kupangiwa ni ya wasichana hapo Ibra, mji wa ndani ya Omani. Nikapewa chumba kwa mjomba. Nyumba yao ilikuwa karibu na mtaa wa zamani, ule wa nyumba za udongo zilizokwisha kuhamwa, na ilikuwa imejengwa kama nyumba mbili zilizogeuziana mgongo. Mbele ni sabla, na mlango wake wa barabarani, mito imepangwa kuzunguka kuta, kiyoyozi kinanguruma tangu asubuhi. Nyuma ni sisi, na jiko kubwa ambalo ndilo hasa nililoishi mwaka ule. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na ujia mwembamba wenye stuli, ndipo tulipokuwa tukiweka sinia la kahawa na tende ili wanaume wachukue wenyewe. Ukisimama pale unasikia kila neno la sabla. Sikuwa na nia ya kusikiliza. Lakini kahawa haijipeleki, na Bi Zuhura miguu ilikuwa ikimuuma, basi kila baada ya Alasiri aliyesimama pale ni mimi.

Ami Hilali alikuwa akija kila siku. Wageni wengine wakiwapo wanazungumza Kiarabu, wakibaki wawili tu wanarudi kwenye Kiswahili chao cha mjini, na hapo ndipo vicheko vinapoanza. Mjomba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabomba, rangi. Ami Hilali alikuwa na malori na mashamba ya mitende, na ndiye aliyemwinua mjomba wakati anafungua duka. Alimpa mali kwa mkopo, na mjomba akamwandikia hundi zisizo na tarehe, zikae tu kwake kama dhamana. Kila mtu alikuwa akifanya hivyo. Mkopo wenyewe ulikuwa umelipwa siku nyingi, kwa mujibu wa mjomba, ila hundi hakuna aliyekumbuka kuzirudisha wala kuzidai. Nani angemdai mtu anayekula kwako boko boko kila sikukuu, tena anayejua kwamba wewe hupendi samli nyingi, na anamwambia mkeo, "Zuhura, sahani ya Saleh usiitie sana"?

Mwanzo wa mwaka ule ikajulikana kwamba Ami Hilali anagombea kiti cha wilaya katika Shura, baraza la nchi. Watu wakampongeza, na mjomba wa kwanza wao. Kisha, sikumbuki vizuri ilianzaje, baadhi ya watu waliorudi kutoka bara na Unguja wakaanza kuja sabla na kumwambia mjomba kwamba Hilali amewazoea, kwamba akishapata atawasahau, kwamba mtu wao hasa ni yeye Saleh. Mjomba alicheka. Wiki ya pili hakucheka. Wiki ya tatu nikamsikia akisema, "Mimi sijasema nataka, lakini watu wakitaka, nitasema nini?" Bi Zuhura alikuwa akichambua mchele. Akainua kichwa, akaniambia, "Huyo keshataka." Siku mjomba alipojiandikisha, Ami Hilali hakuja baada ya Alasiri. Wala kesho yake. Mahali pake pa kukaa, kwenye pembe karibu na mlango, pakakaliwa na mtu mwengine.

Ilikuwa Ijumaa, wanaume wamerudi msikitini, tumekwisha kuwawekea sinia la wali na nyama ya mbuzi. Niko kwenye ujia na birika la maji nikasikia mlango wa barabarani unagongwa, na sauti ya kijana inatoa salamu kwa Kiarabu safi. Walikuwa askari polisi wawili. Walikuwa na adabu sana, na adabu yao ndiyo iliyotutia hofu. Wakasema kuna hundi zimepelekwa benki na hazina fedha, na mwenyewe ameshitaki. Mjomba akauliza hundi gani. Wakamtajia jina la Ami Hilali. Watu wote mikono ilikuwa imo kwenye wali. Mjomba akasema, "Hilali? Hilali huyu huyu?" kama kwamba Ibra nzima imejaa akina Hilali. Kisha akaomba anawe mikono. Alikuja mpaka kwangu kwenye ujia, akanyoosha mikono, nikammiminia maji, na mengine yakamwagikia kanzu yake. "Mwambie Zuhura asiogope," akaniambia. Bi Zuhura alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Alisimama vile vile, mwiko mkononi, mpaka gari ya polisi ikaondoka naye mjomba. Halafu akakaa chini, juu ya sakafu ya jikoni, mtu ambaye sijapata kumuona akikaa chini bila ya kitu.

Aliyemtoa mjomba kizuizini ni yeye. Alikwenda soko la dhahabu na bangili zake za harusi, na vitu vyengine ambavyo hakunionyesha, akarudi mikono haina bangili hata moja, akanituma nifuatane na kaka yake kupeleka fedha. Ami Hilali alilipwa deni ambalo, kama mjomba alisema kweli, alikuwa ameshalipwa zamani. Mjomba akarudi nyumbani amekonda, ndevu zimemea ovyo. Niliamini kwamba mtu aliyeonja dhuluma ile hataweza kumuonjesha mwengine. Nilikuwa kijana, na nilikuwa nimempa mjomba huruma yangu yote. Kumbe alirudi na fikira moja tu: kwamba Hilali amemfundisha namna ya kucheza.

Hakujiondoa. Kesi ilikuwa imemalizika kwa malipo, na jina lake likabaki katika orodha ya wagombea. Sasa mazungumzo ya sabla yakabadilika. Zamani walikuwa wakisema nani kaoa, nani kafa, mvua imenyesha wapi. Sasa nikawa nasikia: fulani ana deni dukani, fulani yuko na Hilali, fulani akishitakiwa atarudi kwetu. Na upande wa pili, nilikuja kujua, walikuwa wakisema hayo hayo. Mji mzima ukaingia katika kushitakiana. Watu waliokopeshana miaka nenda rudi bila ya shahidi, kwa sababu ni majirani, ghafla wakaanza kupelekeana karatasi za mahakama. Skuli kwangu binti mmoja alikataa kukaa dawati moja na mwenzake aliyekuwa kama pacha wake. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, macho makavu, "Baba yake kamshitaki baba yangu, mwalimu. Mama amesema nisimpe hata raba ya kufutia."

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Ghania, mjane, mshoni. Kila Jumatano alikuwa akiuza nguo zake kwenye soko la wanawake, na siku nyengine mashine yake inasikika mpaka jikoni kwetu. Yeye ndiye aliyenishonea nguo zangu zote za kazi, akinipima huku anatia pini mdomoni na kuniambia kwamba nimenenepa kwa mapishi ya Zuhura. Alikuwa amejenga chumba cha pili kwa ajili ya mwanawe Masudi, kwa saruji na nondo kutoka duka la mjomba, na akalipa kidogo kidogo. Fedha alikuwa akizileta jikoni. Anaingia kwa mlango wa nyuma, anakaa, anakunywa chai ya maziwa, kisha anafungua fundo la mtandio wake na kumpa Bi Zuhura, na Bi Zuhura anampelekea mumewe. Niliona kwa macho yangu. Nilikuwapo siku ya malipo ya mwisho, kwa sababu Bi Ghania alipiga kigelegele kimoja kifupi, na sote watatu tukacheka.

Masudi alikuwa dereva wa Ami Hilali. Basi hilo lilitosha. Siku moja mtu wa mjomba alikwenda kwa Bi Ghania kumwambia kwamba Masudi akimwacha Hilali, na jamaa zao wakaja upande huu, deni litasahauliwa. Bi Ghania akamjibu, "Mimi nshalipa. Kitasahauliwa nini?" Wiki ile ile akaletewa karatasi ya mahakama. Alikuja nayo jikoni kwa mlango wake ule ule wa nyuma. Hakukaa. Alimwambia Bi Zuhura, "Mimi sijui kusoma vizuri, lakini nimesomewa. Nakuuliza wewe. Fedha zangu ulizipokea au hukuzipokea?"

"Nilizipokea," Bi Zuhura akasema.

"Zote?"

"Zote, Ghania."

"Basi hakimu akiuliza, utasema?"

Chungu kilikuwa kinachemka, kifuniko kinaruka ruka, na hakuna aliyekwenda kukifunua. Bi Ghania akaikunja karatasi yake, akaniangalia mimi, kisha akatoka, na akaufunga mlango taratibu sana.

Jioni ile tulikula watatu, mjomba, mkewe na mimi, mkate na mchuzi wa papa. Nilidhani Bi Zuhura atangoja mpaka niondoke. Hakungoja. Alisema, "Saleh, Ghania amelipa. Nilikuwa nikikupa mwenyewe mkononi." Mjomba akaendelea kumega mkate. "Mimi sikumbuki," akasema. Bi Zuhura akamwangalia kama anayejaribu kumtambua mtu njiani. "Hukumbuki?" Na mjomba, yule mjomba wangu mpole aliyekuwa akinipigia simu skuli kuuliza kama nimekula, akajibu bila ya kuinua macho, "Wakati huu, sikumbuki. Ukimalizika uchaguzi nitakumbuka, na sitamchukulia hata senti. Ni kumtisha tu, Zuhura. Khalas." Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimesikia maneno makubwa kuliko hayo, lakini sijapata kushituka kama nilivyoshituka na utulivu wake. Hakuona haya wala hakukasirika. Alikuwa anatueleza tu, kama mtu anayeeleza bei ya saruji. Bi Zuhura akaondoa sahani yake mbele, na tangu usiku ule akawa analala chumbani kwangu, akisema kiyoyozi cha kwao kina baridi nyingi.

Hakuniambia atafanya nini. Asubuhi ya kesi niliomba ruhusa skuli kwa sababu Bi Ghania alinitaja shahidi, na nilikuwa nimevaa tayari, nikamkuta Bi Zuhura mlangoni na abaya yake mpya. "Twende," akasema. Tulikwenda na Bi Ghania katika gari ya Masudi. Mjomba alikuwa mahakamani kabla yetu, na wakili wake. Alipotuona tunaingia, alinyanyuka nusu, akitabasamu, akidhani mkewe kamfuata yeye. Bi Zuhura akapita, akaenda kukaa kwa Bi Ghania. Lile tabasamu halikuondoka usoni kwa mjomba mara moja. Lilibaki, halina kazi, na kulitazama kulikuwa vibaya kuliko lau angepiga kelele.

Kiarabu cha Bi Zuhura kilikuwa cha kuungaunga, na kilimtia haya siku zote. Watu wa Ibra walikuwa wakimcheka dukani. Siku ile alikisema mbele ya hakimu bila ya kujali. Hakimu akamuuliza, "Wewe ni mke wa mdai?" Akasema ndiyo. "Unafahamu kwamba maneno yako ni dhidi ya mumeo?" Akasema, "Nasema kilichoingia mkono huu," akaunyoosha mkono wa kulia, ule uliokuwa zamani umejaa bangili. "Mwanamke huyu alinipa fedha zote. Na mimi nilimpa mume wangu zote." Wakili akasimama, akauliza kama mume na mke wana ugomvi nyumbani. Bi Zuhura akamjibu, "Hatuna ugomvi. Nimempikia jana, na leo nitampikia." Watu wengine walicheka. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa, kilemba chake tu kinaonekana. Kisha nikaitwa mimi. Nilieleza niliyoyaona, mpaka kigelegele. Hakimu akatoa hukumu ya Bi Ghania, kwamba hadaiwi. Tulitoka juani. Nilitazamia tutafurahi, tutakumbatiana. Bi Ghania alishika ukuta akatapika.

Uchaguzi ukaja ukapita. Hakushinda mjomba wala Ami Hilali. Kiti alikipata mtu wa tatu, mtu mtaratibu ambaye hakumshitaki yeyote, na ambaye hata jina lake lilikuwa halitajwi sabla. Kwa siku chache mji ulikuwa kama watu walioamka kwenye homa. Waliouza ng'ombe zao kulipa mawakili walikuwa wameshauza. Waliofungwa, baadhi walikuwa wametoka, na wengine bado. Nyumbani kwetu mjomba alikuwa akija, anakula, anashukuru, anatoka. Alipika Bi Zuhura kama alivyoahidi.

Basi siku moja baada ya Alasiri mjomba akapiga hodi jikoni, jambo ambalo halikuwa desturi yake, akaomba kahawa na halwa. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya zamani. Nilitayarisha sinia, nikaenda nalo kwenye ujia, na kabla sijaliweka juu ya stuli nikasikia kicheko. Nilikijua. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Ami Hilali amekaa kwenye pembe yake karibu na mlango, amenyoosha miguu, na mjomba amekaa mbele yake, goti kwa goti, wote wawili wanacheka hata kanzu zinatikisika. Walikuwa wakimcheka yule aliyeshinda, namna anavyotembea. Kisha Ami Hilali akajifuta macho, akasema, "Yakhe, tusahau. Shetani alipita kati yetu, kenda zake. Na yule kijana wa jirani yako, yule Masudi, nshamtoa kazini tangu asubuhi. Najua alikukera. Nimemtoa kwa ajili yako." Mjomba akasema, "Hukuwa na haja, Hilali." Kisha akaongeza, "Lakini ahsante."

Sijui nilisimama pale muda gani. Najua kwamba sikulimwaga sinia, kwa sababu nilirudi nalo jikoni zima, kahawa yote imo. Bi Zuhura akaniangalia usoni, akauliza, "Nani yuko huko?" Nikamwambia. Nikamwambia na maneno niliyoyasikia, kama yalivyo, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuyachagua. Alilichukua sinia, akaiweka kahawa juu ya meza, akaifunika halwa kwa kitambaa. Akavaa abaya. Badala ya kutokea mlango wa nyuma, akaenda mbele, akaufungua mlango wa sabla, akaingia katikati ya wanaume wawili wale, mahali ambapo katika ndoa yake yote hajapata kupita wageni wakiwapo. Mimi nyuma yake. Ami Hilali akaikunja miguu yake haraka. "Zuhura, hujambo? Ahlan," akasema. Mjomba akauliza, "Unakwenda wapi?"

"Kwa jirani yangu," akajibu, na tukatoka kwa mlango wa barabarani.

Miezi iliyofuata Bi Ghania na mwanawe walihamia Al Qabil kwa jamaa zao, na mimi nikaomba uhamisho wa Sur, nikaupata. Bi Zuhura alibaki na mumewe mpaka wiki iliyopita alipomfumba macho, na walichozungumza au wasichozungumza katika miaka yote hiyo ni chao. Lakini jioni ile hakuna kati yetu aliyejua hayo. Tulisimama mlangoni kwa Bi Ghania, mashine inasikika ndani. Tukapiga hodi, mashine ikanyamaza, akatufungulia, pini zimo mdomoni, akazitoa akatucheka. "Karibuni! Leo mmekuja kwa mbele kama wageni?" Akatuweka kwenye chumba kipya, kile cha saruji, akasema Masudi hajarudi, tangu asubuhi katoka na gari haijaonekana, labda bwana wake kamtuma Nizwa, na akirudi atafurahi kutuona. Kisha akaenda kutafuta vikombe. Bi Zuhura alinyanyuka nusu kumwita, akakaa tena. Akanishika mkono. Basi nikamwita mimi, nikamwambia, "Mama, acha vikombe. Njoo ukae."